Mama Kifungu, Ungemwambia Nini Kitinda?

Ni mwaka mmoja sasa tangu uiachie meza yetu kiti kisichokaliwa. Hatujakiondoa. Mama akirudi sokoni hutupia mkoba wake hapo, kisha hukumbuka, huuondoa, na kuupapasa mgongo wa kiti kama mtu anayeomba radhi.

Mimi mumeo ndiye niliyeshika kalamu, lakini maneno ni ya nyumba nzima. Mama yako amekaa hapa anachambua mboga. Dada yako ametoka zamu ya asubuhi na hajavua viatu vya hospitali. Binti yetu anasoma kila nikimaliza aya, na amenirudisha nyuma zaidi ya mara moja kwa sababu nimeandika jambo nusu nusu. Tabia hiyo unajua ameitoa wapi. Mdogo wako wa mwisho, Kitinda, yuko chumbani amelala, ingawa ni mchana. Nitafika kwake.

Familia nyingi huandika kumbukumbu ili kumwambia aliyeondoka apumzike, mambo yanakwenda. Sisi hatuwezi kukuambia hivyo, maana hukutuzoesha kutia chumvi. Mwaka huu ulituletea swali, na mtu tuliyetaka kumwuliza ni wewe. Tulikuita kwa kila namna tuliyoijua. Mwishowe tulilijibu wenyewe, na hadi leo hatujui kama tulilijibu vema.

Wanaosoma ukurasa huu bila kukufahamu tuwaeleze kwanza kazi yako, kwa kuwa hata majirani zetu hawakuielewa. Ulikuwa mwanasheria, lakini hukusimama mahakamani. Joho ulilivaa siku ya kuapishwa tu, na lenyewe lilikuwa la kuazima. Ulikaa kwenye shirika la haki za raia, ghorofani juu ya duka la miwani, katika chumba chenye dirisha lisilofunga vizuri, ukisoma miswada kabla haijawa sheria. Ulitafuta mahali ambapo sheria ingemuumiza mtu, ukaandika maoni, ukayapeleka kwenye kamati, kisha ukakaa kwenye benchi la ukumbini mpaka mjumbe mmoja atoke kuvuta sigara ndipo umsemeshe.

Mama akiulizwa alisema, "Mwanangu ni wakili, ila haendi mahakamani," na watu wakampa pole. Jirani mmoja alimfariji kwamba asikate tamaa, huenda mwakani ukafaulu. Siku uliyosimuliwa hayo ulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

Mimi ni fundi friji, kazi niliyojifunza kwa kufungua na kufunga. Mwanzoni mwa ndoa yetu nilikuuliza kazi yako hasa ni ipi. Ulisema, "Wewe unatengeneza friji iliyoharibika. Mimi nasimama mlangoni mwa kiwanda nazuia mbovu zisitoke." Nikauliza kama wenye kiwanda wanakusikiliza. Ulisema mara moja moja. Lakini ukizuia hata moja, ulisema, kuna nyumba ambayo maziwa hayataharibika, na wenyewe hawatajua kamwe kwamba yangeharibika.

Kazi isiyoonekana kiasi hicho ingemchosha mtu mwingine. Wewe ulirudi nyumbani umevimba miguu, ukavua viatu chini ya meza, ukaanza kutusimulia nani alikuwa na sura gani.

Ulisoma kila kitu. Ulisoma maandishi ya nyuma ya tiketi, ya chini ya risiti, ya ubavuni mwa kopo la dawa ya mbu. Uliwahi kukuta kwenye risiti ya dobi kwamba duka halitawajibika kwa nguo itakayopotea. Ukamkalisha dobi ukamweleza kwa sauti ile ile ya upole uliyotumia kwa wabunge, mpaka akachukua kalamu akayakata maneno yale mwenyewe. Haukupita muda akapoteza koti langu. Alituletea jingine, zuri kuliko lile, huku akinung'unika kwamba yule mama amemponza. Mpaka leo ananisalimia kwa adabu iliyochanganyika na woga.

Ulichomeka penseli kwenye nywele kisha ukaitafuta nyumba nzima. Ulikunywa chai imeshapoa. Mlinzi wa lango la bunge ulimjulia watoto wake wote na madarasa yao, naye akawa anakuwekea kiti kivulini. Siku tuliyokuzika alikuja na sare yake ya kazi, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya wengine kwa kuwa alikuwa ameomba ruhusa ya saa chache.

Na kila muswada ulipita mezani petu. Baada ya chakula cha jioni ulisukuma sahani pembeni, ukafungua karatasi. Ulikuwa na namna yako ya kusoma, na nadhani hakuna nyumba nyingine iliyosoma hivyo. "Sijawahi kukutana na mtu anayeitwa Yeyote," ulisema. "Tuweke mtu wetu." Popote palipoandikwa "mtu yeyote", ulisoma mmoja wetu. Mama alifungwa mezani pale mara nyingi kuliko mhalifu sugu. Akawa anauliza mapema, "Leo umenipa miaka mingapi?" Nawe unamjibu, "Miwili, Mama, lakini kuna faini." Naye anasema basi, alipe faini akaendelee na shughuli zake. Ndipo akaanza kukuita Mama Kifungu, na jina likakushika mpaka ofisini.

Kabla ya kufunga karatasi ulimgeukia uliyemweka ndani, ukamwuliza, "Wewe uliye humo, unataka nini?"

Mama hakuwahi kubadilisha jibu. "Nataka kutoka, nimeacha chungu motoni."

Tulicheka sote. Wewe ulicheka pia, kisha ukaliandika pembeni mwa muswada. Ulituambia kwamba kila aliye ndani ya kifungu ameacha chungu motoni mahali fulani, na anayetunga sheria hauoni moto ule. Ndiyo maana ni lazima umwulize mwenyewe, ulisema, kabla hujamsemea.

Tunakumbuka siku uliyoleta muswada wa mikusanyiko. Kifungu cha tisa ulikisoma kwanza kimoyomoyo, jambo ambalo hukuwa na kawaida nalo. Kisha ukamwangalia mdogo wako. Kitinda ni kinyozi, na duka lake liko kwenye ile barabara pana iendayo kwenye ofisi za serikali, ambako wenye malalamiko wote hupita wakiimba. Ukasoma: "Kitinda atakayekutwa ndani au karibu na mkusanyiko usio na kibali atashikiliwa mpaka atakapotia sahihi hati ya kukiri na kuahidi." Ukageuza ukurasa. "Na Kitinda akikutwa tena baada ya kukiri, atafungwa bila faini."

Kitinda akasema basi atasogeza kiti chake ndani zaidi ya duka, kwenye giza, wateja watoke na masikio nusu.

Hukucheka. Ulimwonyesha kwa kidole. "Karibu" ni hatua ngapi? "Mpaka atakapotia sahihi" ni mpaka lini? Na mtu akikiri ili atoke, ameshajichimbia shimo la pili. Ulimshika mkono pale mezani, ukamwambia asitie sahihi jambo ambalo hajalisoma, wala jambo ambalo si kweli. Akaitikia, "Sawa, dada." Sote tulisikia.

Kazi yako ya mwisho ilikuwa hiyo. Ulitaka kiwekwe kikomo, kwamba aliyeshikwa afikishwe kwa hakimu ndani ya siku mbili. Ulipolazwa, ini likiwa limekwisha kuharibika, dada yako alikukuta umeficha kurasa chini ya shuka. Alikukaripia kama alivyokukaripia mlipokuwa watoto. Ukamwambia, "Dada, basi nishikie hizi mbili." Akazishika, amevaa sare yake ya uuguzi, huku machozi yanamtoka. Siku tuliyokupoteza uliniuliza wamesemaje juu ya cha tisa. Nikakujibu kwamba wameahirisha. Ilikuwa kweli. Tunashukuru kwamba ilikuwa kweli.

Baadaye walikaa, wakapitisha. Kikomo chako hakikuwemo. Mwenzako wa ofisini, yule wakili mzee uliyemwita Bwana Taratibu kwa sababu ndilo neno lake kwa kila jambo, alikuja mwenyewe karakanani kwangu kuniambia. Alikaa juu ya kreti akatazama friji zilizofunguliwa matumbo. Hakusema taratibu.

Sasa Kitinda.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Watu wa mitaa ya juu walipita barabarani kulalamikia maji. Kitinda alikuwa ananyoa. Askari walipofika na watu wakaanza kukimbia, alitoka hadi mlangoni kushusha shata, kitambaa cha mteja kikiwa begani na mashine mkononi bado inanguruma. Wakamchukua hapo. Mteja wake wakamtoa kwenye kiti naye, amenyolewa upande mmoja.

Kituoni walipewa kila mtu karatasi. Wote walitia sahihi, na kabla ya jioni wote walikuwa makwao. Kitinda aliomba kusoma. Tunasimuliwa na yule mteja kwamba askari walifurahi mwanzoni, mmoja akaita wenzake waje wamwone kinyozi mwanasheria. Kitinda alisoma hadi mwisho, kidole kikifuata mstari. Kisha akamrudishia askari karatasi yake. "Afande, hii inasema nilikuwa miongoni mwao. Mimi nilikuwa nanyoa."

Afande akamjibu, "Basi kaa, uisome vizuri."

Akakaa. Alikaa mpaka mvua zikaanza na zikaisha.

Yule mteja alikuja hapa nyumbani siku iliyofuata, kavaa kofia iliyoshuka mpaka masikioni. Alitaka kwenda kumtolea ushahidi. Bwana Taratibu alimsikiliza, kisha akamweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakiri kwa sahihi yake kwamba alikuwa kwenye mkusanyiko. Atasemaje sasa kwamba alikuwa kwenye kiti cha kinyozi? Na wote waliokuwa karibu walikuwa wameshakiri. Mtaa mzima haukuwa na shahidi hata mmoja. Mteja alivua kofia, akaishika magotini, tukamwona kichwa chake. Hakuna aliyecheka.

Bwana Taratibu alifungua maombi mahakamani. Siku moja hakimu alikuwa na udhuru. Siku nyingine jalada halikufika. Siku nyingine jalada lilifika, lakini lilikuwa la mtu mwingine. Kila tulipotoka pale alisema, "Taratibu, shemeji, taratibu," na sauti yake ikawa inapungua.

Tulimwona Kitinda kila walipoturuhusu, kwenye chumba chenye benchi na wavu. Alikonda. Alianza kukohoa. Dada yako alikuwa akiweka sikio kwenye wavu kusikiliza kikohozi kile kama anavyosikiliza kifua cha mgonjwa, na tukitoka nje alitutangulia njiani. Mahabusu wenzake walimpa jina la Msomaji. Kila aliyeletwa, Kitinda alimsomea karatasi kabla hajaisaini. Wote walisaini, wakaenda zao. Alituambia kwamba angalau waliondoka wanajua wamesaini nini, na yeye uwezo wake uliishia hapo.

Ndipo nyumba yetu ikapasuka. Tukuambie kama ilivyokuwa.

Dada yako alitaka asaini. Alisema mapafu hayajui sheria. Alisema wewe ulimfundisha mtoto kusoma karatasi, hukumfundisha kwamba kuna karatasi zinazosomwa na mtu mwenye bunduki kiunoni. Alisema ungekuwepo angekuambia usoni.

Mama alisema jambo gumu zaidi. Alilisema akiwa ametazama dirishani, kwa sauti ndogo. "Alimweka humo mwenyewe, hapa hapa mezani. Alimtaja. Maneno huumba."

Binti yetu aliinuka akaenda chumbani kwake, akafunga mlango polepole. Angeubamiza tungeumia kidogo tu.

Sikumlaumu Mama. Alikuwa amezika mmoja na wa pili yumo ndani, na mtu akiwa hivyo hutafuta mahali pa kushika. Dada yako naye sikumlaumu. Nilizitazama hoja zao kama ninavyotazama friji isiyogandisha: naanza na waya, naenda kwenye gesi, naenda kwenye mpira wa mlango. Kila mahali nilipogusa palikuwa na ukweli, na friji bado haikugandisha.

Kitinda mwenyewe ndiye aliyetufunga kabisa. Dada yako alipomsihi kwenye wavu, alimjibu, "Nitasaini mkiniambia ndivyo yeye angeniambia."

Yeye ni wewe.

Tulirudi nyumbani na neno hilo. Dada yako aliniweka jikoni akaniambia, "Shemeji, wewe ndiye mume. Wewe sema ndivyo angesema. Atakuamini. Marehemu hatakasirika." Hakuwa anaomba jambo baya. Alikuwa anaomba mdogo wake.

Nilijaribu kukusikia, Mungu anajua. Nilikumbuka mama mmoja aliyekuja ofisini kwako, mwanawe akipewa dhamana yenye masharti ya kuonea, nawe ukamwambia ayakubali, amtoe mtoto kwanza, masharti mtapigana nayo baadaye. Nikasema, basi, angesema asaini. Kisha nikakumbuka siku mashirika yote yalipotia sahihi tamko la pamoja, nawe peke yako ukakataa kwa ajili ya sentensi moja isiyo kweli, ukarudi nyumbani umenuniwa na mji mzima. Nikasema, basi, angesema asisaini. Nilikwenda hivyo na kurudi siku nyingi. Nilisimama kaburini kwako nikakuuliza kwa sauti, mfagiaji akageuka. Hukujibu. Hukuwahi hata kuniruhusu nikupokelee kifurushi nikaandika jina lako. Ningewezaje kukusemea jambo hili?

Hatukuwahi kukuhitaji kama siku zile. Tulikuhitaji kuliko tulivyokuhitaji siku ya mazishi. Siku ile watu walituzunguka, sasa tulikuwa wenyewe, na hakuna aliyekuwa akilala vizuri, na kila simu ikilia Mama alikuwa anashika ukuta.

Binti yetu ndiye aliyesema. Tulikuwa mezani, chakula kimepoa, tunabishana tena ungesema nini. Akasema, "Mama asingesema chochote. Angemwuliza."

Wote tulikumbuka kwa mara moja, na tukaona aibu kwamba tulikuwa tumesahau.

Siku ya kumwona tulikwenda sote. Mama aliomba asogezwe kwenye benchi la mbele. Alishika wavu kwa vidole. Kitinda alikaa mbele yake, mabega ameyabana. Akauliza kama tumeamua wewe ungesemaje. Mama akatikisa kichwa. Kisha akamwuliza kama ulivyokuwa ukituuliza, maneno yale yale, na sauti yake ikakatika katikati.

"Wewe uliye humo, unataka nini?"

Kitinda alimtazama muda mrefu. Uso ukamvunjika kama wa mtoto. "Nataka kutoka, Mama," akasema. Kisha akaongeza, "Nimemwacha mteja nusu kichwa."

Mama akamwambia, "Basi toka, baba. Toka."

Wakaleta karatasi. Aliisoma tena yote, neno kwa neno, kwa sauti, na askari aliyekuwa na funguo alisubiri bila kumkatiza. Alipofika pale panaposema kwamba alikuwa miongoni mwao, alisita. Sote tulitazama chini. Hatukutaka aone nyuso zetu akadhani tunamsukuma upande wowote. Akatia sahihi.

Kwa hiyo yuko nyumbani. Tungependa kukuandikia kwamba hapo ndipo hadithi ilipoisha vizuri. Kikohozi kinapungua, dada yako anakisimamia. Lakini duka amelifunga. Anasema barabara ile watu watapita tena, maji bado hayajatoka, na akikutwa mara ya pili hakuna faini. Kiti chake cha kunyolea kimekaa uani kwetu, kimefunikwa turubai. Yule mteja alikuja, Kitinda akamnyoa pale uani ingawa nywele zilikuwa zimeshakuwa sawa kote. Alimnyoa taratibu sana. Tangu siku ile hajashika mashine. Analala mchana. Na kila siku, akinikuta peke yangu, ananiuliza jambo moja: "Shemeji, angenikasirikia?" Namwambia sijui. Ananishukuru kwa kutomdanganya, na anarudi chumbani.

Hatujui, Mama Kifungu. Tumekaa na kutojua kama mtu anavyokaa na jino bovu.

Juma lililopita Bwana Taratibu alileta karatasi. Kamati imekubali kupokea tena maoni juu ya kifungu cha tisa, na ofisi imeandika upya kikomo chako. Haahidi kitu. Alisema wengi pale kamatini hawataki hata kusikia. Aliiweka karatasi mezani akaomba tuisome kama ulivyokuwa ukisoma wewe, kwa sababu yeye akisoma peke yake haoni mashimo.

Tukasukuma sahani pembeni. Kitinda alitoka chumbani akakaa mwisho wa meza. Nikaanza kusoma, nikafika "mtu yeyote", nikasimama.

Hakuna aliyenipa jina. Binti yetu alitazama mikono yake. Dada yako alitazama viatu vyake. Yote ya mwaka uliopita yalikuwa yamekaa pale nasi mezani, na sote tulikuwa tunaogopa neno lile lisije likaangukia mtu. Nilitaka kuiruka sentensi.

"Niweke mimi," Mama akasema.

Nikamtazama. Nikamkumbusha, kwa heshima, yale aliyosema, kwamba maneno huumba.

"Yakiumba, yaniumbie mimi," akasema. "Mimi nimeshazoea. Yule amenifunga miaka mingapi hapa? Soma, mwanangu."

Nikamsoma Mama. Mama atakayekutwa karibu. Mama atashikiliwa. Mama atafikishwa mbele ya hakimu ndani ya siku mbili. Tulipofika hapo pa siku mbili, Kitinda alifunika uso kwa kiganja. Nikaendelea hadi mwisho. Kisha nikaishika karatasi bila kuifunga, kwa sababu mahali pale ndipo ulipokuwa ukigeuka na kuuliza, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuuliza.

Kitinda akaondoa kiganja.

"Wewe uliye humo," akamwambia mama yenu, "unataka nini?"

Tulingoja chungu. Sote tulikingoja, hata mimi, na ningecheka ili kumsaidia.

Mama alitazama kiti chako. "Namtaka yule aliyekuwa akiniuliza," akasema.

Binti yetu alichukua penseli, akaliandika pembeni. Karatasi imekwisha kwenda kamatini, na neno lile limo.

Wanaokukumbuka ni mama yako, aliye ndani ya kifungu cha tisa kwa hiari yake. Dada yako, ambaye bado anazo zile kurasa mbili. Kitinda, ambaye anataka kujua. Binti yetu, anayesema nimalizie hapa nisiharibu. Bwana Taratibu na wenzako wa ghorofani. Mlinzi wa langoni. Na mimi mumeo, ninayesoma sasa hata nyuma ya tiketi.

Daima tutakukumbuka, kila mahali patakapoandikwa "mtu yeyote".